Mama Kadi na Kompyuta Inayojieleza

Kila asubuhi, kabla mgonjwa wa kwanza hajakaa kwenye benchi, Mama Kadi alikuwa ameshafungua kabati lake.

Jina hilo alipewa na akina mama wa kliniki. Kwa miaka kumi na minane alikaa kwenye meza iliyo karibu na mlango wa kituo cha afya, akitunza kadi za watoto. Kadi ilionyesha uzito wa mtoto, chanjo alizopata na chanjo zilizobaki. Mama akiingia tu mlangoni, hata salamu hajamaliza, mkono wa Mama Kadi ulikuwa umeshafika kwenye rafu.

"Huyu ni wa mapacha," alisema. "Rafu ya tatu, uzi mwekundu."

Uzi mwekundu uliofungwa kwenye kadi ulikuwa wa mapacha. Uzi wa kijani ulikuwa wa watoto waliozaliwa na uzito mdogo. Hakuna aliyemfundisha. Shule aliiacha darasa la tano, lakini mpango huo aliubuni mwenyewe, na kazi yake aliijua nje ndani.

Jioni hakuondoka kabla hajafuta vumbi. Alilowesha kitambaa, akakikamua, akafuta meza, akafuta kabati, akafuta hata kitasa cha mlango.

"Mama Kadi," wauguzi walimtania, "siku moja utatufuta na sisi."

"Mkikaa bila kazi, nitawafuta," aliwajibu.

Kisha ikaja kompyuta.

Ililetwa na bwana mmoja mwenye haraka. Aliiweka mezani, akachomeka nyaya, akabonyeza hapa na pale.

"Nimeiweka kwa Kiswahili, mama," alisema. "Huna haja ya kufundishwa. Hii inajieleza yenyewe."

"Inajieleza kwa sauti?" Mama Kadi aliuliza.

Bwana yule akacheka. "Hapana, mama. Unaitazama tu, unaelewa. Si unaona picha hizi? Hata mtoto mdogo anaweza."

Mama Kadi alizitazama picha. Zilikuwa nyingi, ndogo, zimepangwa kama vifungo dukani. Hakuelewa hata moja. Lakini baada ya kuambiwa kwamba hata mtoto mdogo anaweza, angeuliza vipi? Bwana yule akaenda zake, chai yake ameinywa nusu.

Daktari mkuu akaja na kusimama mbele ya meza.

"Mama Kadi, kadi zote ziingie humu. Una wiki nne. Sasa kila kituo lazima kiwe na karani anayeweza kompyuta. Ukiweza, meza ni yako. Ukishindwa, itabidi uende kufua mashuka, nilete karani mwingine."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesoma taarifa ya hali ya hewa.

"Sawa, daktari," Mama Kadi alijibu.

Kufua mashuka si aibu, hilo alilijua. Lakini shuka haliongezeki uzito. Shuka halianzi kutambaa, wala halirudi mwaka unaofuata likitembea lenyewe. Mama Kadi aliipenda meza yake kwa sababu hapo aliwaona watoto wakikua. Akapiga moyo konde.

Shida ya kwanza ilikuwa kipanya. Ukikisogeza juu ya meza, mshale nao unasogea kwenye kioo. Hilo aliliona. Lakini picha aliyoitaka ilikuwa kwenye kona ya mbali, na kipanya kilifika ukingoni mwa meza kabla mshale haujafika. Alijaribu siku nzima. Jioni alimwendea mumewe, fundi seremala, kwenye karakana yake nyuma ya nyumba.

"Baba watoto, naomba ubao wa kuongezea meza ya kazini."

"Meza imefanya nini?"

"Ni fupi. Kipanya kinaishiwa njia."

Mumewe hakuwa mtu wa kuhoji kazi yenye mbao ndani yake. "Urefu kiasi gani?"

"Sijui. Mshale unataka kwenda mbali."

Kesho yake fundi alikuja na futi, nyundo na ubao. Akapima, akapigilia. Meza ikaota bawa upande mmoja. Wauguzi walipita wakilizunguka. Lakini kipanya kikafika, na mshale ukafika, na Mama Kadi akaona ameshinda.

Akaanza kuingiza kadi. Aliandika kwa kidole kimoja, kama kuku anayedonoa. Siku ya kwanza kadi nne. Siku ya pili tisa. Mwisho wa wiki ya tatu alikuwa ameingiza kadi mia tatu na kumi na mbili, zote ndani ya folda moja. Folda ni kama jalada la karatasi, ila hili limo ndani ya kompyuta. Aliliita "Watoto".

Jumatano iliyofuata kadi za zamani zilifungwa kwenye magunia, zikapelekwa kwa gari hadi bohari kuu. Kabati likabaki tupu. Mama Kadi alisikia huzuni kidogo, lakini alijipa moyo. Watoto wote walikuwa ndani ya kompyuta.

Alhamisi jioni alifuta meza kama kawaida. Akafuta bawa la meza. Akafuta kioo kwa nje. Kisha akataka kuondoa mshale uliosimama juu ya folda ya "Watoto". Kidole kikateleza, kikabonyeza upande wa kulia wa kipanya. Yakatokea maneno yamepangwa moja chini ya jingine. Mengi hakuyaelewa. Moja alilielewa vizuri sana.

Futa.

"Kumbe hata ndani kuna vumbi!" alisema peke yake. Akabonyeza.

Kompyuta ikamuuliza: "Una uhakika unataka kufuta?"

Ina adabu, Mama Kadi aliwaza. Nani asiyetaka usafi? Akabonyeza "Ndiyo". Folda ikatoweka, pale ilipokuwa pakabaki peupe. Akaona kazi imependeza. Kama kabati, aliwaza. Jioni vitu vinaingia ndani, asubuhi vinatoka.

Asubuhi havikutoka.

Alitazama kioo chote, kona kwa kona. "Watoto" hawakuwepo. Alizima, akawasha. Hawakuwepo.

Daktari mkuu akachungulia mlangoni. "Mama Kadi, Jumatatu timu ya chanjo inapita nyumba kwa nyumba. Nataka orodha ya watoto ambao hawajapata chanjo ya pili. Iwe mezani kwangu saa mbili asubuhi."

"Sawa, daktari."

Siku hiyo nzima alijikaza kisabuni. Akina mama walipomsalimia, aliitikia. Lakini macho yake yalikuwa kwenye kabati tupu. Magunia yalikuwa mbali, na kadi zilikuwa zimechanganywa. Kuzipanga upya kungechukua wiki. Zilibaki siku mbili tu kabla ya Jumatatu.

Alipofika nyumbani alikaa kwenye kigoda, mkoba bado begani. Wifi yake, anayeishi nyumba ya pili, alikuja kuazima pasi.

"Wifi, mbona umekaa kama mtu aliyemeza ufunguo?"

"Sina kitu."

"Huna kitu, na kiatu kimoja umevaa, kimoja umevua?"

Mama Kadi akatazama miguu yake. Ni kweli. Machozi yakamlenga. Mumewe alikuwa anaingia, vumbi la mbao nyweleni. Akaketi karibu naye.

"Sema, mama watoto. Ni meza imevunjika?"

"Bora ingekuwa meza," alisema, na akaeleza yote. "Wamepotea. Watoto mia tatu na kumi na wawili. Jumatatu nitamwambia nini daktari? Nitaishia kwenye mashuka, na bado watoto wa watu watakosa chanjo."

Wifi aliacha utani. "Mwite Waya," alisema.

Waya lilikuwa jina la utani la mwanamke anayetengeneza kompyuta za shule jirani. Ndiye pia aliyetengeneza friji ya chanjo pale kituoni. Mfukoni mwake hamkukosekana kipande cha waya.

"Atanicheka," Mama Kadi alisema.

"Basi akucheke! Ukienda kung'oa jino, si unafungua mdomo mbele ya mtu?"

"Jino ni la kila mtu. Hii, hata mtoto mdogo anaweza."

"Nani kasema?"

"Aliyeileta."

"Yeye kaizoea," mumewe alisema. "Hata mimi mgeni akiingia karakana namwambia randa ni rahisi. Halafu anajikata."

Jumamosi asubuhi Waya alifika kituoni na mkoba wake mdogo. Alivuta kiti, akakaa pembeni, si mbele ya kompyuta. Hakugusa kitu.

"Niambie, mama. Mara ya mwisho kuwaona hao watoto, ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nafuta."

"Ulikuwa unafuta nini?"

"Vumbi."

"Kwa kitambaa?"

"Nje kwa kitambaa. Ndani kwa kubonyeza. Si wameandika 'Futa'?"

Kicheko kilimtoka Waya kabla hajakizuia. Akakishika mdomoni kwa kiganja. Mama Kadi akainamisha uso.

"Nisamehe, mama," Waya alisema. "Sikucheki wewe. Namcheka aliyeliweka neno hilo. Wewe umesoma Kiswahili sawasawa. Kufuta meza ni kuondoa vumbi, meza inabaki. Lakini kwenye kompyuta, 'Futa' ni kama kufuta ubaoni. Maandishi yenyewe ndiyo yanaondoka."

Mama Kadi akashika kifua. "Basi wameondoka kabisa?"

"Bado hatujui. Unaiona picha hii, chini pembeni? Ni nini?"

"Naona kama ndoo."

"Ni pipa la taka. Ukifuta kitu, mara nyingi kompyuta haikichomi moto. Inakitupa kwanza kwenye pipa, kinakaa humo. Kinakuja kuondoka kabisa pipa likimwagwa. Ulilimwaga?"

"Sijawahi hata kuligusa."

"Ahsante kwa hilo. Haya, lifungue. Hapana, mimi sigusi. Mkono uwe wako."

Mama Kadi akashika kipanya na kukipeleka hadi mwisho wa ubao. Waya akautazama ubao ule.

"Na bawa hili ni la nini?"

"Kipanya kilikuwa kinaishiwa njia."

Safari hii Waya hakucheka. "Kikifika ukingoni, kinyanyue. Mshale utakusubiri palepale ulipo. Kirudishe katikati ya meza, kisha endelea."

Mama Kadi akakinyanyua. Mshale haukusogea. Akakirudisha katikati, akaendelea. Mshale ukafika kwenye pipa.

"Siku zote hizi!" alisema. "Mume wangu kapiga misumari kumi na miwili!"

Wakacheka wote wawili, na kicheko hicho kikamlegeza Mama Kadi mabega. Akabonyeza mara mbili upesi, kama Waya alivyomwelekeza. Pipa likafunguka. Ndani yake kulikuwa na kitu kimoja tu. Kiliandikwa "Watoto".

"Sasa bonyeza upande wa kulia. Soma maneno yote kabla ya kuchagua. Polepole, hatufukuzwi."

Mama Kadi akasoma, kidole kikifuata maneno. "Rejesha."

"Maana yake?"

"Kirudi kilikotoka."

"Basi."

Akabonyeza. Folda ikatoka kwenye pipa. Akaifungua. Jina la kwanza, la pili, la tatu. Mapacha wa uzi mwekundu. Aliwasoma kwa sauti ndogo, mmoja mmoja, mpaka Waya akamshika mkono.

"Wapo wote, mama. Pumua."

Mama Kadi akapumua. Kisha akauliza swali lililomkaa moyoni tangu kompyuta ilipoletwa. "Kwa nini walisema inajieleza? Mimi haikunieleza kitu."

Waya akaonyesha picha ya kisanduku cha mraba juu ya kioo. "Hii unaionaje?"

"Kabati dogo. Au redio."

"Ni diski ya zamani. Watu waliweka kazi zao humo, miaka mingi iliyopita. Mimi mwenyewe nimeiona mara moja tu, imevunjika. Lakini ukibonyeza hapa, kazi yako inahifadhiwa. Anayeijua diski anasema picha inajieleza. Asiyeijua anaona redio."

"Kwa hiyo inajieleza kwa anayeijua."

"Ndiyo hivyo. Hakuna anayezaliwa anaijua. Kila mtu alionyeshwa na mtu, ila amesahau siku aliyoonyeshwa. Nami wa kwanza. Siku ya kwanza niliambiwa nifunge dirisha, yaani ukurasa uliofunguka kwenye kioo, nikaenda kufunga la ukutani. Darasa zima lilinicheka, na joto likatuzidi."

Waya akafanya kazi kidogo. Aliukuza mshale ili uonekane vizuri. Alipunguza kasi ya kubonyeza mara mbili, ili kidole kisichozoea kipate nafasi. Picha ambazo Mama Kadi hakuzihitaji aliziondoa mbele, zikabaki chache. Kisha akatoa karatasi.

"Andika wewe, kwa maneno yako. Si yangu."

Mama Kadi akaandika: Futa, kutupa kwenye pipa. Rejesha, kurudisha. Hifadhi, kisanduku kama redio. Alipofika kwenye neno "Tendua" akasita. "Hili sijawahi kulisikia."

"Ukikunja nguo vibaya, unafanyaje?"

"Naikunjua."

"Ukifunga mzigo vibaya?"

"Naufungua." Uso ukamwangaza. "Tenda, tendua! Nililolitenda sasa hivi linarudi nyuma!"

"Umeona? Hili limejieleza lenyewe, kwa sababu lugha ni yako. Ukikosea, usikimbilie kuzima. Tafuta 'Tendua' kwanza. Na kompyuta ikikuuliza swali, lisome mpaka mwisho. Ukiwa na shaka, bonyeza 'Ghairi', hakitaharibika kitu. 'Ndiyo' usiibonyeze kwa mazoea."

Mwisho Waya akatoa kidude kidogo kama kizibo, akakichomeka ubavuni mwa kompyuta. Alimfundisha kuweka humo nakala ya "Watoto" kila jioni, na kuifungia nakala hiyo kwenye droo, kwa sababu habari za wagonjwa ni siri. Kompyuta ikiharibika, nakala ipo.

"Wiki ijayo nitapita," alisema. "Sitakuuliza kama umeelewa. Nitakutazama ukifanya."

Jumatatu, saa mbili kasoro dakika kumi, orodha ilikuwa mezani kwa daktari mkuu. Watoto arobaini na saba. Timu ya chanjo ikaondoka nayo.

Mama Kadi angeweza kunyamaza. Lakini alibaki amesimama pale.

"Daktari, nina neno. Alhamisi niliwatupa watoto wote kwenye pipa. Nilidhani nafuta vumbi. Jumamosi Waya alinionyesha namna ya kuwarudisha. Niliwarudisha kwa mkono wangu."

Daktari mkuu alivua miwani. Kisha akasema, "Uliponiitikia 'sawa, daktari', ilikuwa si sawa?"

"Haikuwa sawa. Niliona aibu kuuliza."

"Na mimi sikukuuliza." Akageukia kompyuta yake mwenyewe, akakuna kichwa. "Sasa njoo hapa. Ijumaa niliandika barua ya kwenda makao makuu. Tangu asubuhi siioni. Nilibonyeza kitu, ikaenda zake."

Mama Kadi alizunguka meza. Akasoma maneno yote kwenye kioo, taratibu, hadi akakuta "Tafuta". Akaandika neno "barua" kwa kidole kimoja. Zikaja barua sita. Ya juu kabisa ilikuwa ya Ijumaa. Akaifungua na kusoma kichwa chake kwa sauti, kabla hajajua anasoma nini.

"Ombi la karani mpya badala ya karani wa kadi."

Karani wa kadi alikuwa yeye.

Daktari mkuu alisimama, akatazama nje ya dirisha. Kule uani akina mama wawili walikuwa wanauliza Mama Kadi yuko wapi leo.

"Unaweza kubadilisha maneno bila kuandika barua yote upya?" aliuliza.

"Naweza, daktari."

"Toa 'badala ya'. Andika 'msaidizi wa'."

Mama Kadi akavuta kiti cha daktari, akakaa. Akatoa maneno mawili, akaandika mawili, herufi moja baada ya nyingine. Akahifadhi. Akasoma tena barua yote tangu juu mpaka chini, midomo ikicheza.

"Nichape nakala ngapi?" aliuliza.

"Mbili," daktari mkuu alisema. "Moja kaa nayo wewe."